Soprano Akihamia Pop, Nani Kaibiwa?

Hotuba kwa wanakwaya, walimu wa kwaya na wapenzi wa muziki, Tabora mjini, wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Na kwa sisi wa hapa hapa, mwangaluka.

Waandaaji walinitaka nizungumzie Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ambaye sikukuu yake ni tarehe 22 Novemba. Nimewaomba radhi. Padre atamweleza vizuri kunishinda, na kwa ufupi zaidi, maana yeye anajua watu wakitoka misani wana njaa. Mimi nimechagua mtu asiye na msimamizi wala sikukuu, ingawa bila yeye mwimbaji anauimbia ukuta. Nimemchagua msikilizaji.

Mji wetu huu una wasikilizaji wakali. Kaa nje ya kanisa baada ya misa ya pili, au kijiweni na vijana wa bodaboda, au saluni Jumamosi mchana, usikie waimbaji wanavyohukumiwa. Hakuna shahidi, hakuna rufaa. Na hukumu ninayoisikia kuliko zote ni ile anayopewa binti wa sauti ya kwanza, yaani soprano. Ameimba kwaya tangu utoto, solo za Noeli ni zake, mama zetu wakimsikia wanatoa leso. Halafu siku moja anaonekana kwenye simu za watu: kaingia studio, kaimba wimbo wa mapenzi wenye mdundo. Basi. Kaharibika. Kapotea. Dunia imemchukua.

Swali langu ni moja, na nitalizunguka mpaka mnichoke. Siku binti huyo anapohama, sisi tuliokuwa tukimsikiliza tumeibiwa nini hasa?

Sitamtumia binti wa hapa kuwa mfano. Baadhi yao wamekaa humu ukumbini, na mama zao wamekaa nyuma yao wakiniangalia. Nitamchukua mwimbaji wa mbali, ili tumjadili bila kusengenya.

Anaitwa Charlotte Church. Alizaliwa mwaka 1986 huko Cardiff, mji mkuu wa Wales, nchi ya watu wanaopenda kwaya kama sisi, ambako hata wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa na kwaya zao za wanaume. Mwaka 1997, akiwa na miaka 11, aliimba kwa njia ya simu katika kipindi cha televisheni cha Uingereza. Aliimba “Pie Jesu” ya mtunzi Andrew Lloyd Webber, kipande cha misa ya marehemu kinachomwomba Yesu mwema awape wafu pumziko. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yake ya kwanza, na jina lake likawa Voice of an Angel, sauti ya malaika. Iliuzwa kwa wingi wa ajabu. Mtoto akaimba mbele ya Papa Yohane Paulo II, akaimba mbele ya familia ya kifalme, akawa mjukuu wa kila bibi mwenye redio. Ukiisikiliza sauti ile leo, imenyooka, haina mtetemo mwingi, haina woga. Ni sauti ya mtoto ambaye bado hajaambiwa kwamba kuimba ni kazi ngumu.

Mwaka 2005, akiwa na miaka 19, akatoa Tissues and Issues. Hiyo ni pop tupu: dramu, gitaa, maneno ya msichana anayependa, anayegombana, anayetoka usiku na wenzake. Wimbo wa kwanza kutolewa humo, “Crazy Chick”, ulipanda mpaka nafasi ya pili kwenye chati ya Uingereza.

Masikio yakagawanyika. Walikuwepo waliohuzunika kwelikweli, hasa wale waliokuwa wamezipeleka nyimbo zake kwenye mazishi na harusi. Walikuwepo vijana wa rika lake waliokuwa wakimwona mwimbaji wa bibi zao, ambao sasa walimsikiliza kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Walikuwepo wajuzi wa opera, ile tamthilia ya kuimbwa, waliosema wao hawajapoteza kitu, kwa kuwa hawakuwahi kumhesabu. Na walikuwepo, niseme wazi, watu ambao muziki haukuwahusu hata chembe. Walikuwa wakifuatilia nguo zake, wapenzi wake na kilichomo kwenye glasi yake, na kwa bahati mbaya hao ndio waliokuwa na magazeti. Novemba 2011 Charlotte alikaa mbele ya tume ya Jaji Leveson iliyochunguza mwenendo wa magazeti, London, akaeleza kwa kiapo jinsi waandishi walivyomwandama yeye na familia yake tangu utotoni.

Hao wa magazeti nawaacha. Ninaowataka ni wale waliohuzunika, kwa sababu huzuni yao si ya kuchekwa. Mtu amemzika mama yake, na kabla ya udongo kutupwa imepigwa “Pie Jesu” ya mtoto yule. Tangu siku hiyo sauti ile haikai kwenye redio, inakaa kaburini kwa mama. Miaka saba baadaye anawasha televisheni, sauti ile ile, mtu yule yule, anaimba habari za wavulana. Anahisi kama mtu kaingia makaburini na spika. Ndugu zangu, hisia hiyo ni ya kweli, na binti wa kwaya anayeingia studio lazima ajue kwamba kuna watu hapa Tabora ambao sauti yake wameiweka mahali pa namna hiyo bila kumwomba ruhusa.

Bila kumwomba ruhusa. Hapo ndipo ninapoanza kumgeukia msikilizaji.

Kwanza, sauti ile ya miaka 12 ingeondoka tu. Hata Charlotte angeingia utawa, ingeondoka. Koo la msichana nalo linakua. Halivunjiki kwa kishindo kama la mvulana, lakini linakua, sauti inapata uzito, inapata pumzi ndani yake, inapata rangi nyingine. Walimu wa kwaya za watoto mnalijua hili: kuna mwaka mnampoteza mtoto wa solo na hakuna aliyekosa. Kwa hiyo waliosema pop imewaibia malaika walimshtaki mtu asiyehusika. Malaika aliondoka na miaka. Na hili jina lenyewe lilikuwa mtego. Ukishamwita mtoto malaika na kumuuza kwa jina hilo, siku anapopata miaka 19 na akili za miaka 19, kila analofanya ni kuanguka kutoka mbinguni. Hata angeimba zaburi tupu wangesema amenenepa sauti.

Pili, alihama kutoka wapi? Wengi walisema ameiacha opera. Hakuwahi kuwa huko. Mwimbaji wa opera anasomea koo miaka mingi, kisha anasimama jukwaani kwa muda wa saa tatu katika uhusika mzima, bila kipaza sauti. Charlotte aliimba nyimbo fupi, mbele ya maiki, na albamu baada ya albamu zilikuwa zikisogea zenyewe kuelekea nyimbo za majukwaa ya Broadway na nyimbo nyepesi. Alikuwa kwenye ile rafu ya katikati ya maduka ya santuri ya Ulaya, inayowekwa nyimbo za opera na za kanisa zilizofupishwa na kulainishwa kwa ajili ya watu wasiokwenda opera. Rafu hiyo ilipata biashara kubwa tangu tarehe 7 Julai 1990, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia, wakati waimbaji watatu wa opera, Pavarotti, Domingo na Carreras, walipoimba pamoja Roma. Ni rafu halali. Nami nimenunua vitu vyake. Lakini ipo mpakani tangu siku ya kwanza, na anayeishi mpakani akivuka mtaa mmoja hatuwezi kusema amehama nchi.

Sarah Brightman ni mfano mzuri kuliko wote. Watu walimjua kwa Requiem ya Lloyd Webber ya mwaka 1985, yenye hiyo hiyo “Pie Jesu”, na kwa tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera iliyofunguliwa London mwaka 1986. Alipoanza kuimba pop ya vinanda vya umeme miaka ya 1990, wakasema amebadilika. Kumbe mwaka 1978, kabla ya yote hayo, alikuwa kwenye chati za Uingereza na wimbo wa disko wenye habari za vyombo vya angani, na kundi la wacheza dansi la Hot Gossip nyuma yake. Alikuwa anarudi nyumbani na mizigo.

Sasa twendeni kooni, maana hapa ndipo palipo na utamu, na hapa ndipo wasikilizaji wengi hatufiki.

Mwimbaji wa opera anakabiliana na okestra ya watu sitini au themanini, katika ukumbi wa watu elfu mbili, bila mtambo. Anasikikaje? Mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, alilichunguza hilo miaka ya 1970. Nguvu kubwa ya okestra iko chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda nguvu inapungua. Mwanaume aliyefundishwa vizuri anajifunza kulipanga koo lake ili sauti ipate mng'ao wa ziada karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imeshachoka na sikio la mwanadamu ni kali. Hashindani nao kwa kelele. Anapita palipo wazi.

Soprano, kwenye noti za juu, ana njia nyingine. Kadiri anavyopanda anafungua taya, ili uwazi wa kinywa uitikie noti yenyewe anayoiimba. Ukimtazama kwa karibu unaweza kudhani anapiga miayo kwa hasira. Faida yake ni kwamba ukumbi unajaa. Gharama yake ni kwamba maneno yanakufa.

Yanakufaje? Irabu zetu tano tunazitofautisha kwa jinsi kinywa kinavyoitikia. Mwitikio wa chini kabisa wa “i” na “u” uko karibu na mitetemo 300. Wa “a” uko 700 na kuendelea. Ile noti ya “la” mnayopewa na kinanda kupata sauti ni 440. Soprano akifika “la” inayofuata juu yake, yaani 880, noti anayoiimba imeshazipita “i” na “u” kwa mbali. Hapo irabu zote zinaanza kuvutwa kuelekea “a”. Sauti ya kwanza, jaribuni sasa hivi: imbeni “utuhurumie” kwenye noti ya juu kabisa mnayoiweza.

Asanteni. Aliyekaa benchi la mwisho kasikia “atahaaramaa”. Msiwalaumu, na wewe mwalimu usiwagombeze siku ya mazoezi eti hawatamki. Ndivyo kinywa kilivyoumbwa. Mtunzi mwenye huruma hawezi kuweka “i” juu namna hiyo halafu akadai isikike.

Mpe sasa soprano huyo huyo maiki, sentimita tano kutoka mdomoni. Kazi ya kujaza ukumbi imehamia kwa fundi mitambo na spika zake. Koo limepata likizo. Anaweza kushuka mpaka kwenye sauti ya kuongea, akaimba kwa kifua, akanong'ona, akaiacha pumzi isikike. Maneno yanafufuka yote, mpaka “i” na “u”. Kinachopungua ni ule urefu, ule mstari mmoja wa pumzi unaotoka madhabahuni mpaka mlangoni bila kukatika.

Kwa hiyo anayesema “sauti yake imepungua” kasikia vizuri: sauti inayohitajika ni ndogo. Na anayesema “sasa ndiyo namwelewa” naye kasikia vizuri. Wanagombana bure, kwa sababu kila mmoja anapima kazi tofauti kwa mizani ya mwenzake.

Na sisi Waswahili, tukisema ukweli, tuko upande gani? Nendeni kwenye taarab mtazame watu wananyanyuka saa ngapi kwenda kutunza. Mwimbaji anaweza kupanda juu vizuri kabisa, watu wamekaa wanakunywa soda. Akitamka mstari mmoja unaomgusa mama fulani na jirani yake fulani, viti vinaachwa, noti zinatoka kwenye mikoba. Mswahili anatunza mstari. Ndivyo tulivyolelewa. Taarab ilipokuwa ikiimbwa Kiarabu kwenye kasri la Sultani, Unguja, ilikuwa ya wachache; Siti binti Saad alipoiimba Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kuirekodi kwenye santuri, watu wa kawaida walipata maneno yao. Mtu mwenye masikio hayo anapomwambia binti wa kwaya kwamba kuimba ili maneno yasikike ni kushuka daraja, nashindwa kumwelewa.

Nimeshangazwa zaidi na habari za Renée Fleming. Huyu ni soprano wa opera hasa, Mmarekani, mwenye majukwaa makubwa yote. Mwaka 2010 akatoa Dark Hope, albamu ya nyimbo za roki. Hakuichukua sauti ya opera akaenda kuwatisha nayo watu wa roki. Alishuka chini, akaimba kwa kifua karibu na maiki, na ukiisikiliza bila kuona jina humtambui upesi. Hapo wasikilizaji wa pande zote mbili walibaki na la kusema. Walimuuliza: kama ni kuimba kwa sauti ambayo hatukuijia kwako, kwa nini tusimsikilize mwingine? Ni hoja nzuri, sijaweza kuijibu yote. Lakini Fleming alipokuwa mwanafunzi chuoni Potsdam, jimbo la New York, aliimba jazz na kundi dogo. Sauti ile ya chini ilikuwepo siku zote, ila kwenye opera haikuwa na kazi. Na hakuacha opera. Februari 2014 akaimba wimbo wa taifa wao kwenye Super Bowl, fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, na nchi nzima ikamsikiliza soprano kabla ya mpira.

Sasa mfano wenye damu ya kwetu kidogo. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mwaka 1987 mwanamuziki huyo wa roki alitoa “Barcelona” pamoja na Montserrat Caballé, soprano mzaliwa wa Barcelona, mmoja wa wakubwa wa karne ile. Caballé alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Jina lake lilikuwa limesimama tangu mwaka 1965, alipoimba opera ya Donizetti, Lucrezia Borgia, ukumbi wa Carnegie, New York, akishika nafasi ya mwenzake aliyeshindwa kuimba. Mercury alifariki Novemba 1991. Mwaka uliofuata, Barcelona ilipoandaa Olimpiki, wimbo ukarudi kwenye chati ya Uingereza na kupanda mpaka nafasi ya pili, juu zaidi ya mara ya kwanza.

Sikilizeni wanavyoimba. Caballé hakujilainisha ili afanane na roki. Anaimba vile vile anavyoimba opera, na Mercury anaimba vile vile anavyoimba uwanjani, kisha wanakutana hapo juu kila mtu na la kwake. Wapo walionuna, lakini wengi walisema bibi mkubwa anafurahi. Kwa nini yeye afurahi na Charlotte aharibike? Kimuziki Charlotte alivuka hatua fupi zaidi. Tofauti ninayoiona ni umri na cheo. Caballé hakuwa mtoto wa mtu. Hakuna aliyemnunua akiwa na miaka 12, kwa hiyo hakuna aliyedhani ana hisa ndani yake.

Turudi Tabora, kwa sababu hisa hizo tunazo sana.

Kijana anayepiga kinanda chetu Jumapili, Jumamosi usiku alikuwa wapi? Mnajua alikuwa wapi. Alikuwa kwenye harusi, na baada ya harusi wakahamia baa, na kinanda ni kile kile, na vidole ni vile vile. Asubuhi akaja na macho mekundu akapiga “Mtakatifu” vizuri sana, nasi tukasema huyu kijana ana kipaji, anajitafutia. Sijasikia hata mara moja mtu akisema kaharibika. Dada yake akiimba harusini usiku ule ule, kwa maiki ile ile, wiki nzima kinazungumzwa kichwa chake, gauni lake, na nani alimrudisha. Ndugu zangu, hapo hatuzungumzii muziki. Tumevaa masikio, lakini tunatazama. Na kwaya hailipi, wala haikuundwa ilipe. Tunaimba kwa sadaka. Binti ana kodi ya chumba kama kaka yake.

Na sisi wazee tunasahau haraka. Mji huu ndio wa bendi ya Kiko Kids ya Salum Zahoro. Ndio wa Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, ambako Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, alitia sauti ambayo mpaka leo ikipigwa watu wanaacha walichoshika. Dansi lile wazazi wetu waliliita uhuni. Leo redio inalipiga na kuliita zilipendwa, na sisi tuliofukuzwa nyumbani kwa sababu yake ndio tunaowaambia wajukuu kwamba muziki umekwisha. Kaseti za kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu, mkoani kwetu hapa, zilizunguka nchi nzima. Yale magitaa yana undugu wa karibu na dansi, na tulitubu dhambi kwa hayo hayo.

Hata ngoma kanisani. Wazee waliosoma seminari ya Kipalapala zamani walilelewa na Kilatini na nyimbo za Kigregori. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium, na ibara ya 119 ikasema kwamba katika nchi za misioni wapo watu wenye mapokeo yao ya muziki, na mapokeo hayo yapewe heshima na nafasi yake. Ngoma na kayamba vikaingia. Si kila mtu alipiga vigelegele. Walikuwepo waliosema sala imekwisha, sasa ni mnada. Leo ngoma zile ndizo tunazozitetea dhidi ya kijana mwenye kinanda cha kubonyeza mdundo, na kwa hilo mimi mwenyewe niko mstari wa mbele, kwa sababu mdundo wa kubonyeza hausubiri padre wala hausikii waumini.

Hilo la mwisho ni malalamiko, na nimelitamka makusudi. Sisemi tusilalamike. Msikilizaji asiyelalamika anamharibu mwimbaji kuliko anayezomea. Tissues and Issues, kwa mfano, siipendi yote. Kuna nyimbo humo Charlotte anaisukuma sauti pasipo haja, kana kwamba anataka tuhakikishe hayuko tena kanisani. Mtu mwenye koo lile angeacha wimbo ushuke, ungesikika zaidi. Hayo ni malalamiko ya masikio. Mwimbaji akiyapata anaweza kuyafanyia kazi Jumatatu. Ukimwambia binti “mstari wa pili unavuta pumzi katikati ya neno”, umempa kitu. Ukimwambia “studio wamekupandishia ufunguo kuliko koo lako”, umempa kitu kikubwa zaidi, maana waandaaji wengi wanafanya hivyo wakidhani wimbo utachangamka. Ukimwambia “hiyo mashine inayonyoosha sauti imekufanya ufanane na kila mtu”, ni kweli, na inauma, na inasaidia. Ukimwambia kaharibika, atafanya nini nayo? Ataacha kuja mazoezini. Nasi tutabaki na solo ya Noeli bila mtu, halafu tuseme dunia imemchukua.

Wako pia wanaorudi, na tunawapokea vibaya. Anarudi amejifunza maiki, amejifunza kuhesabu, amejifunza kusimama mbele ya watu wasiompenda, na sisi tunamweka mstari wa nyuma mwaka mzima kama aliyetoka jela. Kwaya inayofanya hivyo inapoteza mwalimu wa bure. Kamati za kwaya, hili litazameni kwenye kikao chenu cha mwisho wa mwaka. Sitaki kulisemea zaidi kwa sababu nina kikao changu huko huko.

Nimeona wengine wanachungulia nje kwenye miembe. Najua msimu umeanza na watoto wanaokota zenu. Vumilieni kidogo, kuna kazi.

Nina vipande vinne kwenye simu yangu, na fundi ameshaunganisha spika. Kila kimoja ni dakika moja. Viwili ni mtu mmoja kabla na baada ya kuhama, viwili ni watu tofauti, na sitasema vipi ni vipi. Sauti zote nne ni za wanawake. Mmegawiwa karatasi. Kwa kila kipande andikeni mambo matatu tu: anavuta pumzi wapi, neno gani halikusikika, na je, sauti hii ingefika mlango wa nyuma wa kanisa bila spika au isingefika. Msiandike mmependa au hamkupenda. Hayo tutaulizana wakati wa chai. Anayemjua mwimbaji asitaje jina, na mama mmoja hapa mbele asinong'one, namwona.

Walio nyuma sogeeni, viti vipo. Fundi, zima feni hiyo, inakula sauti za chini. Kipande cha kwanza.